Jeni na ugonjwa wa MS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Skelerosisi nyingi (multiple sclerosis), ambayo wagonjwa na madaktari wengi huiita tu MS, ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga hushambulia myelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa anao, na mengi yake yanaanzia kwenye hofu ileile: watoto.

Je, MS ni ugonjwa wa kurithi?

Si kwa namna ambayo selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Kwenye selimundu, mtoto akipokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ugonjwa unakuja. MS haina jeni ya aina hiyo. Kinachopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ni wepesi wa kuupata, na wepesi huo umetawanyika kwenye mamia ya sehemu za DNA, kila moja ikisukuma kidogo sana. Mtu anaweza kubeba nyingi kati ya hizo na kuzeeka bila dalili yoyote. Mwingine hubeba chache na akaugua kabla ya kufika miaka 30.

Kwamba wepesi huo unatokana na uhusiano wa damu na si kuishi nyumba moja, hilo lilionyeshwa Canada. Mwaka 1995 mtafiti George Ebers na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliolelewa pamoja na mgonjwa wa MS bila kuwa na uhusiano wa damu naye, wengi wao wakiwa wameasiliwa utotoni. Hatari yao ilikuwa sawa na ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo anayekwepa kukaa au kula na mgonjwa wa MS anajisumbua bure.

Nina MS. Watoto wangu wataipata?

Kuna uwezekano mkubwa sana kwamba hawataipata. Mzazi mmoja akiwa na MS, nafasi ya mtoto kuugua maishani ni karibu asilimia 2. Kwa maneno mengine, katika watoto 100 wenye mzazi wa namna hiyo, takriban 98 wataishi bila MS. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja ni karibu asilimia 3. Tukilinganisha, katika nchi ambazo ugonjwa huu ni wa kawaida, mtu asiye na mgonjwa yeyote katika ukoo ana nafasi ya takriban 1 kati ya mia tatu hadi mia tano. Ni kweli hatari imepanda mara kadhaa, na ni kweli vilevile kwamba imebaki ndogo. Wengi husoma "mara nyingi zaidi" kwenye kichwa cha habari wakasahau kuuliza: mara nyingi zaidi ya nini?

Wazazi wote wawili wakiwa na MS, hatari ya mtoto hupanda zaidi ya hapo. Ukienda upande wa pili, kwa wapwa na binamu, inashuka upesi na kukaribia ile ya watu wote.

Hakuna daktari wa neva makini atakayekushauri uache kuzaa kwa sababu hii. Mazungumzo kuhusu mimba yapo na ni ya lazima, ila yanahusu dawa, kwa kuwa baadhi inabidi zisimamishwe mapema kabla ya kushika mimba. Yanahusu pia kipindi cha baada ya kujifungua, kwa sababu dalili huelekea kutulia katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na kurudi katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa.

Pacha wangu ana MS na tunafanana kabisa. Je, na mimi nangoja zamu yangu?

Hapana. Kwa pacha wanaofanana, ambao DNA yao ni moja, mmoja akiwa na MS mwenzake huipata katika takriban robo ya visa. Kwa pacha wasiofanana ni karibu asilimia 5. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayothibitisha kuwa jeni zina nguvu. Lakini tazama pia upande wa pili wa hesabu: robo tatu ya watu wenye DNA ileile ya mgonjwa hawaugui. Kama jeni zingekuwa hukumu, namba hiyo ingekuwa sifuri.

Ni jeni gani inayohusika zaidi?

Ni moja ya jeni za kundi la HLA, zinazoisaidia kinga kutofautisha mwili na adui, zilizoko kwenye kromosomu ya 6. Uhusiano wa kundi hili na MS ulianza kuonekana mwaka 1972, wakati ambapo bado hakukuwa na njia ya kusoma DNA ya mtu. Watafiti walikuwa wakipima protini zilizoko juu ya chembe nyeupe za damu. Leo tunajua toleo lenyewe kwa jina: HLA-DRB1*15:01. Kulibeba huongeza uwezekano wa kuugua takriban mara tatu, na hakuna toleo jingine la kawaida linalolifikia.

Inafaa kutazama kwa karibu linafanya nini. Protini inayotengenezwa na jeni hii hukaa juu ya chembe za kinga na ina mfereji mwembamba katikati. Ndani ya mfereji huo hupachikwa vipande vidogo vya protini, viwe vya bakteria, vya virusi au vya mwili wenyewe, kisha chembe T, askari wa doria wa mfumo wa kinga, hupita na kukagua. Ikikutana na kipande inachokitambua kuwa cha adui, huita mashambulizi. Umbo la mfereji huo ndilo huamua kipande kipi kitashika vizuri na kipi kitateleza. Mfereji wa toleo la 15:01 unashika barabara vipande fulani, vikiwemo vya protini ya myelini. Chembe T ambayo ingepita bila kuona kitu hapa inaonyeshwa myelini waziwazi.

Katika kundi hilohilo la HLA kuna toleo linalokinga. HLA-A*02 hupunguza uwezekano wa kupata MS, na mtu anaweza kurithi yote mawili, lile la hatari na lile la kinga.

(Kwa wanaopenda mambo ya pembeni: toleo la 15:01 kwa kawaida husafiri pamoja na jirani yake, DQB1*06:02, ambalo ndilo linalohusishwa sana na narkolepsi, ugonjwa wa kushikwa na usingizi wa ghafla mchana. Ni kipande kimoja cha kromosomu, na magonjwa mawili tofauti kabisa.)

Nimeambiwa ninalo hilo toleo la 15:01. Niogope?

Usiogope. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu robo wanalibeba. Chukua 1,000 kati yao, hata mahali ambapo MS imeenea: zaidi ya 990 hawataugua. Na kuna wagonjwa wengi ambao hawana toleo hili kabisa.

Na hizo jeni nyingine mamia ni zipi?

Kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya HLA hakuna kilichothibitika. Familia zilichunguzwa, majina ya jeni yakatangazwa, kisha utafiti uliofuata ukashindwa kuyaona tena. Mambo yalibadilika ilipowezekana kupima maelfu ya sehemu za DNA kwa wakati mmoja na kulinganisha makundi makubwa ya watu. Mwaka 2007 zikajitokeza IL7R na IL2RA, zote zikihusika na namna chembe T zinavyopokea ishara. Mwaka 2011 utafiti wa wagonjwa karibu 10,000 ukaongeza makumi mengine. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti wa jeni za MS ulichapisha ramani kutoka kwa wagonjwa 47,429 na watu 68,374 wasio na ugonjwa. Ramani hiyo ina sehemu 233: 32 ziko eneo la HLA, 200 ziko nje ya eneo hilo kwenye kromosomu za kawaida, na moja iko kwenye kromosomu ya X.

Nyingi kati ya hizo 200 huongeza uwezekano kwa chini ya asilimia 20 kila moja, na si ajabu ukakuta asilimia 5 tu. Nyingi pia hazibadilishi protini yenyewe. Hubadilisha ni lini na kwa kiasi gani jeni inafanya kazi, hasa ndani ya chembe T, chembe B (zinazotengeneza kingamwili) na mikroglia, ambazo ni chembe za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Kwa hiyo orodha hii ndefu inajibu swali moja la zamani: MS inaanzia kwenye kinga au kwenye neva? Kwa upande wa jeni za hatari, jibu ni kinga, karibu kote.

Je, jeni zinazosababisha ugonjwa ndizo zinazoamua kasi yake?

Hapana, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Watu wawili wanaweza kuanza na dalili zilezile, ukungu kwenye jicho moja na ganzi mguuni, na baada ya miaka 20 mmoja bado anakimbia asubuhi huku mwenzake akitembelea fimbo. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba yule wa pili amebeba mzigo mkubwa zaidi wa jeni za hatari. Watafiti walipozipima jeni hizo dhidi ya ukali wa ugonjwa, hazikueleza tofauti hiyo. Toleo la 15:01 lenyewe linahusishwa na kuanza kuugua katika umri mdogo kidogo, lakini si na kasi ya kuelekea kwenye ulemavu.

Mwaka 2023 ndipo kilipopatikana kitu. Utafiti wa zaidi ya wagonjwa 22,000 ulionyesha badiliko moja la DNA kati ya jeni mbili, DYSF na ZNF638. Waliorithi badiliko hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walifika hatua ya kuhitaji msaada wa kutembea miaka 3.7 mapema, kwa wastani, kuliko wasiolibeba kabisa. Jeni hizi hazikuwa zimehusishwa na MS hapo awali. DYSF inajulikana zaidi kwa kurekebisha chembe zilizoumia, na ZNF638 kwa kudhibiti virusi. Utafiti huohuo ulipotafuta mahali ambapo jeni za ukali hufanya kazi, ulielekezwa kwenye ubongo na uti wa mgongo badala ya chembe za damu.

Maana yake ni kubwa kwa mgonjwa. Karibu dawa zote za MS tulizonazo zinatuliza kinga, na ndiyo maana zinafanya kazi nzuri ya kuzuia milipuko ya dalili. Kule kudhoofika kwa polepole kunakoendelea hata MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, ikiwa haionyeshi uvimbe mpya kunategemea zaidi uwezo wa ubongo kuvumilia na kujikarabati. Mgonjwa anayesema "dawa inafanya kazi lakini miguu inazidi kuchoka" hajichanganyi. Anaeleza michakato miwili tofauti.

Na kabla hujaenda kutafuta kipimo cha badiliko hilo: bado halitumiki kliniki kumtabiria mtu binafsi. Miaka 3.7 ni wastani wa kundi.

Aina ya MS inayoendelea polepole tangu mwanzo ina jeni zake?

Kwa kadiri ya tafiti zilizopo, hapana. Wagonjwa wa aina hiyo, ambao ni takriban asilimia 10 hadi 15, wana toleo la 15:01 na wenzake kwa kiwango kinachofanana na wale ambao dalili zao huja na kuondoka.

Kama ni jeni, kwa nini siku hizi wanasema ni virusi?

Kwa sababu vyote viwili vinahitajika. Mwaka 2022 watafiti waliotumia sampuli za damu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kuwa hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Miongoni mwa waliougua, karibu wote walikuwa wameambukizwa kabla. Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi hivyo na hawana habari. Virusi peke yake havitoshi, na hapo ndipo jeni zinapoingia.

Kuna hata mahali pa kukutania. Virusi vya Epstein-Barr hushika molekuli za HLA za daraja la pili, familia ileile ya DRB1, ili kuingia ndani ya chembe B. Isitoshe, mwaka huohuo wa 2022 kundi jingine lilionyesha kuwa kwa baadhi ya wagonjwa, kingamwili zinazolenga protini moja ya virusi hivyo hushika pia GlialCAM, protini ya ubongo inayofanana nayo kwa sehemu ndogo.

Siwezi kubadili jeni zangu. Kuna ninachoweza kubadili?

Sigara. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa jeni na mazingira kukuzana. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha watu wasiovuta na wasio na mchanganyiko wa hatari (yaani hawana 15:01, lakini wana A*02 inayokinga) na wavutaji wenye 15:01 wasio na A*02. Uwezekano wa hawa wa pili kupata MS ulikuwa zaidi ya mara 13. Ukitazama sigara peke yake, au jeni peke yake, hufiki popote karibu na namba hiyo. Unene uliopindukia katika umri wa ujana umeonyesha mwenendo wa namna hiyo.

Sigara haiishii kwenye kuanzisha ugonjwa. Utafiti ule wa ukali wa mwaka 2023 ulitumia jeni kama njia ya kuchunguza mazoea ya watu, na ukakuta kuwa mwelekeo wa kijeni wa kuvuta sigara unaenda pamoja na MS kali zaidi, na ule wa kusoma miaka mingi zaidi shuleni unaenda pamoja na MS nyepesi. Hii haimaanishi kuwa elimu hulinda neva moja kwa moja. Inadhaniwa inaonyesha akiba ya ubongo (uwezo wake wa kuendelea kufanya kazi licha ya uharibifu), pamoja na mambo mengi ya maisha yanayoambatana na shule.

Kwa familia yenye mgonjwa, huu ndio ushauri ninaoutoa bila kusita: kijana asianze sigara.

Vitamini D je?

Watu waliozaliwa na jeni zinazowapa kiwango cha chini cha vitamini D maishani hupata MS zaidi kidogo. Hilo linaunga mkono kuwa upungufu wake ni sehemu ya chanzo. Kuzuia ugonjwa ni jambo moja, na kuutibu kwa vidonge vya dozi kubwa ukishaanza ni jambo jingine. Pima, jaza upungufu kama upo, na usizidishe bila daktari.

Mbona wanawake ni wengi zaidi?

Katika sehemu nyingi ni wanawake wawili hadi watatu kwa kila mwanamume mmoja. Kromosomu ya X imetoa sehemu moja tu kati ya zile 233, kwa hiyo jeni za hatari zilizopatikana hazielezi pengo hilo. Homoni zinashukiwa.

Je, watu wenye asili ya Afrika hawapati MS?

Wanapata, na dhana kwamba hawapati imechelewesha wengi kutambuliwa. Ni kweli MS iliyorekodiwa ni ndogo katika nchi nyingi za Afrika, ingawa mashine za MRI na madaktari wa neva huko ni wachache. Lakini hali hubadilika mtu anapobadili mazingira: utafiti wa California Kusini uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wanawake Weusi wakiugua kwa kiwango cha juu kuliko wanawake Wazungu.

Toleo la HLA linalohusika zaidi kwao mara nyingi ni DRB1*15:03, ndugu wa karibu wa 15:01. Kwa upande wa kasi, tafiti za Marekani zimeonyesha Wamarekani Weusi wakifikia ulemavu mapema zaidi. Kiasi gani cha hilo ni jeni na kiasi gani ni kuchelewa kufika kwa daktari, si rahisi kutenganisha, hasa kwa kuwa ramani za jeni zilizotajwa hapo juu zilichorwa karibu zote kutoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kwa nini jeni zenye madhara hivi zilidumu?

Januari 2024 watafiti wa DNA ya mifupa ya kale walichapisha jibu la kuvutia. Matoleo ya hatari, likiwemo 15:01, yaliongezeka miongoni mwa wafugaji wa nyika zilizoko kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, watu wa utamaduni wa Yamnaya, ambao walihamia Ulaya Kaskazini karibu miaka 5,000 iliyopita. Inadhaniwa kuwa kinga kali iliwasaidia watu walioishi bega kwa bega na mifugo na magonjwa yake. Hii inasaidia kueleza kwa nini MS ni nyingi zaidi Ulaya Kaskazini kuliko Kusini.

Nipime DNA kujua kama nitapata MS?

Sishauri. Utambuzi wa MS unategemea dalili, MRI na wakati mwingine maji ya uti wa mgongo. Matokeo ya jeni hayamo kwenye vigezo. Alama zinazojumlisha mabadiliko mamia hutofautisha makundi, lakini mtu mwenye alama ya juu bado ana nafasi kubwa zaidi ya kutougua. Kipimo cha kampuni kinachotumwa nyumbani hupima sehemu chache tu, na karatasi yake huacha wasiwasi mwingi kuliko taarifa.

Kuna wakati kipimo cha jeni kina maana?

Ndiyo, katika hali mbili.

Ya kwanza ni dawa. Kabla ya kuanza siponimod, inayotumika kwa baadhi ya wagonjwa ambao MS yao imeingia hatua ya kudhoofika polepole, hupimwa jeni ya CYP2C9, kwa kuwa ndiyo huamua ini linavyoivunja dawa hiyo. Wenye matoleo fulani hupewa dozi ndogo, na wenye toleo la *3 kutoka kwa wazazi wote wawili hawapewi kabisa.

Ya pili ni pale ugonjwa unapofanana na MS lakini si MS. Wagonjwa watatu au wanne katika ukoo mmoja, hasa wanaume na wanawake wakiugua kwa njia tofauti, wanapaswa kumfanya daktari afikirie adrenolekodistrofi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu myelini, unaotokana na jeni ya ABCD1 kwenye kromosomu ya X. Wanawake wanaoibeba wanaweza kukakamaa miguu polepole na kupewa jina la MS kwa miaka mingi. CADASIL, ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo unaotokana na jeni ya NOTCH3, huacha madoa kwenye MRI yanayoweza kupotosha. Hizi ndizo zinazorithiwa kwa jeni moja. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa jeni ya NR1H3 inafanya hivyo kwa MS yenyewe, lakini takwimu za wagonjwa wengi zaidi hazikuunga mkono.

Nina baridi yabisi pamoja na MS. Jeni zinahusikaje?

Mwambie daktari wa viungo kuhusu MS kabla hajaandika dawa. Dawa zinazozuia TNF, protini inayochochea uvimbe, husaidia sana kwenye baridi yabisi, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1999 lilionyesha dawa ya aina hiyo ikizidisha milipuko kwa wagonjwa wa MS. Sababu ilieleweka zaidi mwaka 2012: toleo moja la jeni ya TNFRSF1A linaloongeza hatari ya MS huufanya mwili utengeneze kipande kinachoelea na kuizuia TNF, kazi ileile ya dawa hizo.